Santuri ya Mwanabibi

Hibo aliisikia sauti saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, kupitia ukuta wa mabati unaotenganisha kibanda chake cha maziwa na duka la Mzee Abdulkadir. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Ilisema "Bismillahi", ikacheka kidogo, ikasema maneno mengine ambayo hakuyashika, kisha ikaanza kuimba. Hibo hakushtuka. Alijua ni Ummi, mpwa wa mzee, maana sauti ile ilikuja kibandani kwake kila siku kuomba nusu lita ya maziwa. Kilichomshangaza ni kwamba Ummi alikuwa anaimba.

Alipoinua macho, alimwona Ummi mwenyewe anakuja kutoka upande wa msikiti, mkate mkononi. Nyuma ya ukuta, sauti yake ilikuwa bado inaimba.

Hibo alifunga kibanda bila kumsalimia mtu, akaenda kukaa kwenye baraza ya msikiti mpaka moyo utulie. Ummi, ambaye hakujua lolote, aliingia katika chumba chake nyuma ya duka kuchemsha chai ya mjomba wake. Wimbo aliusikia kwa mbali, lakini wimbo huo hupigwa redioni kila wiki na mtaa wa Majengo una redio nyingi kuliko milango. Saa mbili na dakika arobaini alibeba birika, akasukuma mlango wa duka kwa kiwiko.

Mzee Abdulkadir alikuwa amelala kwa ubavu kati ya meza ya gramafoni na kabati la chuma, damu imemtoka kichwani na kuganda kwenye kanzu. Alikuwa ameshakata roho.

Inspekta Murugi wa upelelezi alifika saa tatu na dakika ishirini na tano. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mafua yasiyoisha ya hewa ya mlima, na asiyependa kuambiwa mambo mara mbili. Koplo wake alikuwa ameshaandika ukurasa mzima, na sehemu kubwa ya ukurasa huo ilihusu majini.

"Madam, huyu mama wa maziwa anasema alisikia Ummi ndani na Ummi yuko nje," alisema Koplo kwa sauti ya chini. "Na watu wa hapa wanasema mzee alikuwa na dada aliyekufa. Mimi naandika tu vile nimeambiwa."

"Andika na vile umeona," alisema Murugi.

Vya kuona vilikuwa hivi. Juu ya gramafoni kulikuwa na santuri nyeusi isiyo na karatasi ya jina katikati, bado inazunguka. Mtu alikuwa ameimwagia spiriti, na uso wake ulikuwa umevimba na kugeuka mweupe kama maziwa yaliyokatika. Mkono wa sindano ulikuwa kwenye ukingo wa nje kabisa. Chupa ya spiriti ilisimama kando, kizibo kimefungwa vizuri. Spika kubwa ya mbao ilijaa vumbi usoni, na katikati ya vumbi hilo kulikuwa na alama mpya ya kiganja na vidole vitano. Karibu na mlango lilining'inia daftari la shule lenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Ukurasa wa juu ulikuwa umechanwa.

"Sindano iko mwanzo," alisema Koplo. "Santuri haijachezwa. Sasa yule mama alisikia nini?"

Murugi alilinganisha kwa macho kiganja cha maiti na alama ya spika, bila kugusa. Vililingana.

Ummi alihojiwa saa nne, ameketi juu ya debe katika chumba chake. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Uso wake ulikuwa mkavu wa mtu ambaye bado hajapata nafasi ya kulia.

"Mjomba wako alikuwa anasikiliza nini asubuhi ile?" Murugi aliuliza.

"Hakuwa anasikiliza chochote, Madam. Mjomba alikuwa kiziwi. Mwaka wa sita huu."

"Kiziwi, na anakaa na santuri elfu tatu?"

"Alizikata yeye nyingi. Alikuwa fundi kule River Road, Nairobi, wakati ule kila ngazi ilikuwa na studio juu na duka la santuri chini. Wanamuziki walikuja na gitaa asubuhi, jioni wimbo uko tayari." Akaongeza, "Mama yangu, Mwanabibi, aliimba huko."

Murugi alimwashiria aendelee.

"Hapa Majengo wananicheka nikisema hivyo. Babu yangu alikuwa anafundisha Kurani pale msikitini. Binti yake kuimba kwenye mabaa ya Nairobi, tena kwa Kikuyu? Haingewezekana. Kwa hivyo Mama aliimba studio, na jina likaandikwa la mtu mwingine. Alikufa siku aliyonizaa. Mimi sijui uso wake ila kwa picha ya kitambulisho, na sauti yake sikuwahi kuambiwa ni ipi mpaka nimekuwa mtu mzima. Unajua wimbo wa Mbura ya Chaka?"

Nani hakuujua wimbo huo wa mvua? Mama yake Murugi aliuimba akichuma chai. "Ule ni wa Wakiuru," alisema Murugi. "Malkia wa River Road."

"Picha ni ya Wakiuru. Sauti ni ya Mama. Mjomba alisema iko santuri moja ya majaribio inayothibitisha. Zamani fundi alimwambia mwimbaji ataje jina na wimbo kabla ya kuanza, ndio santuri zisichanganyike. Kwenye santuri za duka walikata hayo maneno. Kwenye ile ya majaribio yamebaki. Mama anaongea, Madam. Anaongea kama mtu."

"Umeisikia?"

"Hapana. Ile si plastiki kama hizi zingine. Ni bati limepakwa rangi laini, na kila ukiicheza sindano inakula. Mjomba alikataa kuicheza mpaka apatikane mtu wa kuinakili mara moja tu, vizuri. Jumatano akaniambia, 'Wiki hii utamsikia mama yako.' Hakusema nani anakuja." Hapo ndipo Ummi alipolia, bila kujificha. "Sasa mjomba hayuko, na Mama wamemmwagia spiriti."

Murugi alimwachia nafasi. Baadaye aliuliza kuhusu sindano.

"Ukingo wa nje ndio mwisho," alisema Ummi, akijifuta. "Santuri zake za majaribio Mjomba alizikata kuanzia katikati kwenda nje. Ilikuwa njia yake, ili vijana wa maduka wasimwibie nyimbo kabla hazijatoka. Asiyejua anaweka sindano pembeni, inateleza inaanguka, anadhani santuri imeharibika."

Basi santuri ilikuwa imechezwa yote, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, na Hibo hakuwa amesikia jini. Alisikia mtu aliyekufa mwaka wa 1979, jambo ambalo Murugi alilikuta zito zaidi. Alirudi dukani akaisimamisha ile sahani kwa kidole. Mvumo wa mota ulikatika, na kwa muda alihisi kana kwamba amemnyamazisha mtu katikati ya mazungumzo.

Mshukiwa wa Koplo alikuwa Fuad, mtoto wa marehemu. Sababu zilikuwepo. Alitaka kumuuzia mgeni wa ng'ambo duka zima, baba yake akakataa. Chupa ya spiriti ilikuwa yake, kwa kuwa ndiye aliyesafisha santuri za plastiki kila asubuhi. Na Ijumaa hiyo, tangu saa moja hadi saa nne, hakuna aliyemwona.

"Nilikuwa Nanyuki, kwa Sakariye wa ng'ombe," alisema Fuad, macho mekundu. "Nilienda kuuliza kazi. Sikutaka mzee ajue. Piga simu, hii namba hii."

"Baba yako na wewe mlikuwa mnaongeaje?"

"Mikono, madam. Na mdomo, yeye alisoma mdomo yangu na ya Ummi. Sisi hatuandikangi. Hiyo kitabu ni ya wageni."

Murugi alitazama daftari. Ukurasa uliochanwa uliandikwa na mgeni, na mgeni huyo hakutaka maneno yake yabaki. Sakariye alipokea simu na kuthibitisha kwamba Fuad alikunywa chai kwake saa mbili kamili. Koplo alifunga kalamu kwa huzuni.

Saa tisa alasiri Murugi alikwenda kwenye ukumbi mmoja mjini Nyeri ambako kesho yake yangefunguliwa maonyesho juu ya historia ya muziki wa Nairobi. Alihitaji mtu wa kumweleza santuri za majaribio ni nini hasa, na kila aliyemuuliza alimtajia Gathogo. Mzee huyo alikuwa na miaka sitini na tisa, kofia ya sufu kichwani na miwani miwili shingoni. Kwa miaka thelathini alikuwa ametembea mji hadi mji akikusanya habari za studio zilizokufa. Kuta zote zilijaa kazi yake: mabango ya dansi, nyuzi za gitaa zilizokatika ndani ya vioo, tikiti za basi za bendi zilizosahaulika. Ukuta mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Wakiuru.

"Mimi situpi kitu," alisema Gathogo, akionyesha fuko la nailoni lenye vifuniko vya soda. "Hivi ni vya soda zilizonywewa siku waliporekodi Mbura ya Chaka. Watu huniona kichaa. Lakini mji usiokumbuka nyimbo zake unabaki majengo tu."

Murugi alimpenda, na alikiri hivyo baadaye bila aibu.

"Mzee Abdulkadir wa Majengo amekufa asubuhi ya leo," alisema.

Gathogo alivua miwani. "Nimesikia nikirudi. Pole sana. Alikuwa fundi hodari."

"Alikuwa na santuri ya majaribio ya wimbo huo huo."

"Ndiyo kwanza nasikia. Kama ilikuwepo, ningejua."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kiriaini. Nilitoka hapa alfajiri kwenda kumrekodi mzee mmoja mpiga gitaa. Mashine ni hii." Aliigonga kwa upendo mashine ndogo ya kijivu, maikrofoni mbili zikichungulia mbele. "Naichaji kila usiku hotelini, kwa sababu betri yake imezeeka kama mwenyewe. Ikiwaka kwa muda wa saa mbili, imekwisha. Lazima niizime mara tu nikimaliza."

Murugi alimshukuru. Jioni alimpigia simu mpiga gitaa wa Kiriaini. Ndiyo, Gathogo alikuja. Saa ngapi? Saa tano hivi, chai ya saa nne ilikuwa imeshanywewa. Kulikuwa na jambo lolote la ajabu? Mzee alifikiri. Hakuna, ila hata kabla ya kuketi aliuliza tundu la umeme. Mashine ilikuwa imekufa kabisa.

Jumamosi saa mbili asubuhi, Murugi alibisha nyumbani kwa Wakiuru, mtaa wa King'ong'o. Malkia wa River Road alikuwa na miaka sabini na minne, nyonga mbovu, na nguo ya sherehe imetundikwa mlangoni.

"Umekuja juu ya Mwanabibi," alisema.

"Ndiyo, Cucu," alisema Murugi, kama nyanya aitwavyo kwa Kikuyu.

"Nimekungoja miaka mingi. Si wewe. Mtu." Alikaa polepole. "Mimi, mwanangu, sijawahi kuimba. Nilikuwa nacheza. Nilikuwa na miguu, yeye alikuwa na sauti. Tukienda dansi alisimama nyuma pamoja na waitikiaji, kitambaa hadi hapa machoni, mimi mbele nikifungua mdomo. Ati watu walilia. Alipokufa nilingoja mwenye studio aseme ukweli. Hakusema. Akafa na yeye. Kila wimbo ukipigwa redioni natoka nje, nakaa na kuku. Kumsikia mtu umezika akiimba na wewe unapongezwa, hiyo si kitu ya kuzoea."

"Nani mwingine alijua?"

"Kaka yake. Na tangu mwezi jana, Gathogo. Nilimwambia mimi mwenyewe. Nikamwambia, niko na miaka sabini na nne, toa picha yangu kwa hiyo ukuta uweke yake, kaka yake ako na santuri ya kuonyesha. Alikasirika sana. Aliniambia nimeanza kusahau vitu. Alinipeleka mpaka kwa daktari wa wazee." Aliitupia macho nguo mlangoni. "Leo nataka kusema mbele ya watu. Nimechelewa?"

Murugi alimwambia avae.

Saa nne na nusu walikuwa ukumbini: Wakiuru kwenye kiti cha mbele, Ummi na Fuad wamesimama pamoja, Koplo mlangoni na hati ya upekuzi. Wageni walikuwa bado hawajaingia. Gathogo alikuwa anainyoosha picha ya Malkia iliyokuwa tayari imenyooka.

"Ulisema hukuwahi kusikia habari za santuri ile," Murugi alianza. "Cucu alikwambia mwezi jana."

"Cucu ni mgonjwa wa kusahau."

"Ulisema ulitoka alfajiri kwenda Kiriaini. Ulifika saa tano. Ni mwendo wa saa moja na kidogo."

"Barabara mbaya."

"Na mashine yako ilikuwa imekufa. Uliichaji usiku. Ukiizima, haifi. Kwa hivyo kabla ya saa tano iliwaka kwa muda wa saa mbili nzima. Ilikuwa inarekodi nini?"

Mkono wa Gathogo ulikwenda kwenye mfuko wa koti, ukabaki humo.

"Nitasema nionavyo, unirekebishe," Murugi aliendelea. "Mzee alikuita wewe kwa sababu hakuna mwingine anayejua kunakili. Gramafoni yake haina waya wa kutolea sauti, kwa hivyo uliweka maikrofoni mbele ya spika. Uliona spiriti mezani. Ulijua Fuad husafisha nayo, na kwamba polisi watadhani mtu asiyejua kazi aliiharibu santuri kwa kuisafisha. Ukafunga kizibo vizuri, kama mtu anayeheshimu vifaa. Ukaondoka haraka, na kwa haraka hiyo hukuizima mashine. Iliendelea kurekodi ndani ya mfuko mpaka betri ikaisha."

"Una hakika gani kwamba sijafuta?"

Murugi aliangalia vifuniko vya soda nyuma ya kioo. "Wewe? Hufuti."

Hatimaye Gathogo aliitoa mashine na kuiweka mezani kwa mikono miwili. Alipozungumza, alimwelekea Ummi.

"Nilikaa na kidole kwenye kitufe usiku kucha. Sikuweza. Ni rekodi safi kabisa." Alionekana kuona haya kwa alichosema, lakini aliendelea. "Miaka thelathini. Kitabu, mihadhara, ukuta huu. Kila kitu nilichoandika juu ya River Road kinaanzia kwa Wakiuru. Kama yeye si kweli, nani ataamini yaliyobaki? Nilikwenda nikitumaini ni uongo. Mwanabibi aliposema jina lake tu nilijua nimekwisha. Nikamwandikia mzee kwamba santuri imekufa, hakuna sauti. Basi. Nilidhani ataamini, na angekufa siku yake kwa amani."

"Hakuamini," alisema Murugi.

"Aliweka mkono kwenye spika."

Fuad alipiga hatua. Koplo alikuwa ameshamshika.

"Nilimsukuma tu. Nilitaka aachie mkono wangu. Kabati lilikuwa pale. Nilidhani amekufa papo hapo."

"Daktari anasema aliishi dakika ishirini," alisema Murugi. Hakupaza sauti. "Mahali pa kuita msaada palikuwa hatua nne, nje ya mlango. Wewe ulishika chupa."

Alimgeukia Ummi. Alimweleza kwamba mashine ni ushahidi, itakwenda mahakamani, na kwamba sauti ya mama yake na kifo cha mjomba wake viko katika dakika zile zile. Mtaalamu angeweza kumkatia kipande cha mwanzo. Hakuna mtu angemlaumu kwa kusubiri.

"Nimesubiri miaka arobaini na sita," alisema Ummi. "Washa."

Kwanza ulisikika mkwaruzo, halafu sauti ya Ummi ikatoka kwenye mashine, changa zaidi, na Koplo akageuka kumtazama Ummi mdomoni kuhakikisha.

"Bismillahi. Naitwa Mwanabibi, wa Majengo, Nyeri. Wimbo ni Mbura ya Chaka." Kicheko. "Abdu, ngoja kidogo. Huyu mtoto anapiga teke."

Ummi alishika tumbo lake mwenyewe kwa mikono miwili. Wakiuru alijifunika uso kwa kitambaa.

Gitaa liliingia, kisha uimbaji. Kwenye ubeti wa pili ilikuja sauti ya Abdulkadir, kubwa mno, jinsi wanavyoongea watu wasiojisikia. "Amesema jina? Lazima umesikia. Amesema?" Penseli ilikwaruza karatasi. Kimya kirefu, Mwanabibi akiimba. "Imekufa? Wacha nione." Hatua za viatu vya mpira. Halafu sauti ile kubwa ikashuka, ikawa kama ya mtu anayezungumza na mtoto. "Unanidanganya, bwana. Yuko hapa. Namsikia na mkono."

Karatasi ilichanika. Meza iliburuzwa. Kitu kizito kiligonga chuma.

Wimbo haukusimama. Ubeti wa tatu ulikuja, ule ambao watu hupenda zaidi, mvua inapopita na mwanamke anabaki barabarani na mzigo wake. Ndani ya wimbo kulikuwa na pumzi ya mtu aliye chini, na hatua za mwingine zikienda mezani. Kizibo kilifunguka.

"Gathogo," ilisema sauti ya mzee, hafifu sasa. "Bado anaimba?"

Kwenye mashine hakuna aliyemjibu. Murugi alinyoosha kidole kuizima, lakini Ummi alikishika kidole hicho na kukiweka kando. Aliinama hadi mdomo wake ukakaribia zile maikrofoni mbili.

"Bado, Mjomba," alisema. "Anaimba."